Maswali kwa Mfamasia: Kuifikisha dawa ya saratani ndani ya seli

Katika toleo lililopita tuligusia, kwa aya moja tu, kwamba watafiti wanatumia peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, kuipeleka dawa ya saratani hadi ndani ya seli. Aya hiyo imeleta barua kutoka Igoma hadi Ukerewe na Musoma, nyingi za watu wanaouguza, baadhi za wanafunzi, na mbili tatu zenye hasira. Zilizofanana nimeziunganisha, na majina ya waandishi yameachwa kwa makusudi.

Mdogo wangu anatibiwa saratani ya titi na ameshatundikiwa ile dripu nyekundu mara kadhaa. Nywele zimekwisha, mdomo una vidonda, na juzi alirudishwa nyumbani bila kupewa dawa kwa sababu kipimo kilionyesha damu imeshuka. Ninyi mnaandika kwamba peptidi zitaingiza dawa ndani ya seli. Kwani hii anayopewa sasa haiingii? (Dada wa mgonjwa, Igoma)

Inaingia, dada yangu, na pole sana kwa kuuguza. Shida ni kwamba inaingia kila mahali.

Kwa maelezo yako, hiyo dripu nyekundu yaelekea ni doksorubisini, dawa ya zamani iliyotokana na bakteria wanaoishi udongoni. Wekundu ni rangi yake yenyewe, ndiyo sababu mkojo wa mgonjwa huweza kutoka mwekundu kwa siku moja au mbili baada ya dripu ilhali hauna damu hata tone. Molekuli yake ni ndogo kiasi cha kupenya utando wa seli bila msaada, na ikishaingia hujipachika kwenye DNA na kukizuia kimeng'enya kinachoikata na kuiunganisha DNA wakati seli inapojigawa. Seli inayojigawa kwa kasi ndiyo inayoumia zaidi. Seli za saratani hujigawa kwa kasi, lakini ndivyo zilivyo pia seli za mizizi ya nywele, za ngozi laini ya mdomo na utumbo, na za uboho unaotengeneza damu. Mdogo wako aliporudishwa nyumbani, waliomhudumia hawakumtelekeza: seli nyeupe zikiwa chini, dozi nyingine ingeweza kumwacha bila kinga, na homa ya kawaida ingetosha kumlaza wodini. Akipata homa katika siku hizi, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Kuna jambo jingine ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi. Doksorubisini hudhuru misuli ya moyo, na madhara hayo hujumlishwa dozi baada ya dozi, kiasi kwamba madaktari huweka ukomo wa maisha yote, kwa kawaida kati ya miligramu 450 na 550 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili. Ndiyo maana mgonjwa huandikiwa kipimo cha moyo kabla ya kuanza. Kwa maneno mengine, kiasi cha dawa anachopewa mgonjwa hakipangwi kwa kuangalia kinachohitajika kuimaliza saratani, bali kwa kuangalia kile ambacho moyo, uboho na utumbo vinaweza kukivumilia. Kwa hiyo tunazo dawa zinazoweza kuiua seli ya saratani. Tusichokuwa nacho ni uwezo wa kuzifikisha kwake kwa wingi bila kumpitia kila jirani. Isitoshe, baadhi ya seli za saratani hujifunza kuirudisha dawa nje kwa pampu zilizomo kwenye utando wake, hivyo hata ile iliyokwisha kuingia haikai.

Hapo ndipo peptidi zinapohusika. Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, zilezile zinazojenga protini. Insulini ina asidi amino 51 na inakaa mpakani kati ya peptidi na protini. Zile tunazozungumzia leo mara nyingi zina kati ya tano na thelathini. Hufungwa pamoja na dawa kwa kiungo maalumu, na kinachopatikana ni kitu cha sehemu tatu: peptidi, kiungo na dawa. Katika barua zenu nimeona kazi mbili za peptidi zikichanganywa, na ningeomba tuzitenganishe tangu hapa. Zipo zinazopenya, ambazo huingia karibu katika seli yoyote na kuburuta mzigo pamoja nazo. Na zipo zinazotambua, ambazo hushika kipokezi fulani, yaani protini ya juu ya seli inayopokea ujumbe, kilichojaa juu ya seli za saratani na hutegemea seli yenyewe ikivute kipokezi hicho ndani. Aina ya kwanza ina nguvu bila ubaguzi, ya pili ina ubaguzi lakini haina nguvu ya kutosha kila mara.

Kuhusu kiungo, magazeti hayakitaji kabisa, nami naona ndicho sehemu ngumu kuliko zote. Kikikatika mapema, dawa inamwagika kwenye damu na tumerudi kwenye dripu ya kawaida yenye bei kubwa zaidi. Kikikaza mno, dawa inafika ndani ya seli ikiwa bado imefungwa na haifanyi lolote. Wengi hutumia viungo vinavyokatwa na vimeng'enya vilivyomo ndani ya seli au vinavyoachia kwenye mazingira yenye asidi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wasitumie kingamwili, zile protini za kinga ya mwili, ambazo tayari zinabeba dawa katika tiba kadhaa za saratani ya titi. Kingamwili moja ina uzito wa daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 150,000 hivi, wakati peptidi nyingi za kazi hii hazizidi elfu chache. Udogo huo huzisaidia kupenya ndani zaidi ya uvimbe na kutengenezwa kwa urahisi, ila pia huzifanya zichujwe na figo na kutoka na mkojo haraka mno. Kila faida hapa ina ada yake.

Kwa mdogo wako, hakuna kati ya haya kinachobadilisha ratiba aliyopangiwa. Amalize dozi zake.

Shikamoo. Nipo kidato cha sita, PCB. Nimesoma kwamba peptidi mojawapo ya kupenya seli ilitoka kwenye virusi vya UKIMWI. Je, mgonjwa hawezi kuambukizwa? Na ikishaingia ndani, kazi si imekwisha? (Mwanafunzi, Nansio, Ukerewe)

Marahaba, mwanangu. Ni kweli ilitoka huko. Mwaka 1988 makundi mawili ya watafiti nchini Marekani, kila moja likifanya kazi kivyake, yaligundua kwamba protini ya VVU iitwayo Tat, ikiwekwa kwenye kimiminika kinacholisha seli maabara, huingia ndani ya seli yenyewe bila virusi kuwepo. Haikutarajiwa, kwa sababu ilifundishwa kwamba utando wa seli hauruhusu protini kupita hivihivi. Miaka michache baadaye watafiti wa Ufaransa waliona tabia hiyohiyo kwenye protini ya inzi wa matunda, na mwaka 1994 wakaonyesha kwamba kipande chake chenye asidi amino 16, kilichokuja kuitwa penetratini, kinatosha kupenya.

Sehemu ya Tat inayofanya kazi hiyo ina asidi amino 11 tu, na 8 kati yake zina chaji chanya: arginini sita na lisini mbili. Chora mnyororo huo kwenye daftari lako na utaona kwamba karibu wote ni chaji. Uso wa seli nao umefunikwa na minyororo ya sukari yenye chaji hasi. Peptidi inavutwa, inashikamana na uso wa seli, na seli inaukunja utando wake kuizunguka na kuimeza.

Kuhusu maambukizi, ondoa shaka. Virusi ili viambukize vinahitaji maelekezo yote ya kinasaba, ambayo kwa VVU ni nukleotidi, yaani herufi za kinasaba, zaidi ya 9,000, pamoja na gamba na vimeng'enya vyake. Kipande hiki hakina kinasaba chochote. Zaidi ya hapo, hakitolewi kwenye virusi. Hujengwa kwa mashine, asidi amino moja baada ya nyingine juu ya chembe ndogo za plastiki, kwa njia aliyoichapisha Mmarekani Robert Bruce Merrifield mwaka 1963 na iliyompatia Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1984. Walichochukua watafiti kutoka kwa virusi ni mpangilio wa asidi amino tu.

Swali lako la pili ndilo gumu zaidi, na jibu ni hapana, kazi haijaisha. Seli inapomeza kitu, inakiweka kwenye kifuko kilichozungushiwa utando. Kifuko hicho kinazidi kuwa na asidi, pH ikishuka kutoka 7.4 ya nje hadi kukaribia 5, kisha yaliyomo hupelekwa mahali penye vimeng'enya vya kusagia. Dawa iliyofungiwa humo imo ndani ya seli kwa hesabu ya darubini, lakini kwa kemia bado iko nje, kwa sababu haijagusa DNA wala kitu kingine ilichotumwa kukigusa. Ni sehemu ndogo tu hutoroka kwenye kifuko kabla ya kusagwa.

Watafiti wenyewe walichelewa kuliona hili. Kwa miaka kadhaa walipiga picha zilizoonyesha peptidi zikiwa zimetapakaa hadi kwenye kiini cha seli, wakaamini zinapenya utando moja kwa moja. Mwaka 2003 ikaonyeshwa kwamba kosa lilikuwa katika maandalizi: seli zilikuwa zikigandishwa kwa kemikali kabla ya kuwekwa chini ya darubini, na kemikali hiyo ndiyo iliyozifanya peptidi zitawanyike. Seli zilipotazamwa zikiwa hai, peptidi nyingi zilionekana zimekaa kwenye vifuko. Utakapofika chuo na kukabidhiwa darubini, kumbuka kuuliza kilichofanyiwa sampuli kabla haijakufikia wewe.

Lipo pia suala la kutobagua. Sukari zenye chaji hasi zipo juu ya seli za ini, za figo na za mishipa ya damu, kwa hiyo peptidi ya Tat ikidungwa kwenye mshipa huishia sehemu nyingi kabla ya kufika kwenye uvimbe. Mwaka 2004 kundi la mwanakemia Roger Tsien, ambaye baadaye alipata Nobel kwa kazi nyingine, lilieleza njia ya werevu: peptidi yenye chaji chanya ilifungwa pamoja na mnyororo wenye chaji hasi ili isishikamane na chochote njiani, na viwili hivyo vikaunganishwa kwa kipande kinachokatwa na vimeng'enya ambavyo uvimbe wa saratani huvitoa kwa wingi. Kikikatwa, peptidi inapata tena uwezo wake, hapohapo penye uvimbe. Wazo hilo nalipenda sana, ingawa kutoka kwenye panya hadi kwa mgonjwa ni safari nyingine.

Sisi wavuvi tumekatazwa kokoro kwa kuwa linazoa hata vifaranga. Nimeelewa kwamba dawa za kawaida za kansa ni kama kokoro. Basi hizi peptidi ndiyo ndoano? (Mvuvi, Kayenze)

Mfano wako ni mzuri, mzee, na nitauazima. Zile peptidi za kutambua zinafanana na ndoano iliyotiwa chambo anachokipenda samaki mmoja. Lakini tusisahau kwamba chambo anachokila sangara, hata samaki mwingine hukila: kipokezi kilichojaa juu ya seli za saratani mara nyingi kipo, kwa uchache, juu ya seli zenye afya pia. Nitaeleza tiba moja iliyofanikiwa, kwa kuwa inaonyesha mambo yote mawili.

Mwili hutengeneza homoni iitwayo somatostatini, peptidi ya asidi amino 14 iliyotambuliwa mwaka 1973, ambayo kazi yake ni kupunguza utoaji wa homoni nyingine. Ipo aina ya uvimbe wa utumbo na kongosho unaotokana na seli zinazotoa homoni, na seli hizo huwa zimejaza vipokezi vya somatostatini juu yake. Homoni ya asili haifai kuwa dawa kwa sababu damu huisaga ndani ya dakika chache tu. Wanakemia wakaifupisha hadi asidi amino 8, wakaifunga iwe pete, wakabadilisha baadhi ya asidi amino kwa zile zilizo kama taswira yake kwenye kioo, ambazo vimeng'enya vya mwili havizitambui. Kikapatikana oktreotidi, kinachodumu kwenye damu kwa saa moja na nusu hivi kabla ya kupungua nusu, na ambacho kimetumika hospitalini tangu miaka ya 1980.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuifungia ndugu yake wa karibu, oktreotati, mzigo. Mzigo uliochaguliwa ni lutetiamu-177, madini yenye mionzi ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya siku 6.6 hivi. Peptidi inashika kipokezi, seli inakivuta ndani pamoja na mzigo, na mionzi inaiharibu DNA kutokea ndani. Dawa hiyo, Lutathera, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2017 na Marekani Januari 2018. Hutolewa kwenye mshipa mara nne, kila baada ya wiki nane. Katika utafiti uliowahusisha wagonjwa 229 wenye uvimbe wa utumbo, baada ya miezi 20 asilimia 65.2 ya waliopata dawa hii pamoja na oktreotidi walikuwa bado ugonjwa wao haujaendelea, dhidi ya asilimia 10.8 ya waliopata oktreotidi ya dozi kubwa peke yake. Matokeo ya mwisho ya muda wa kuishi yalikuwa ya kiasi zaidi: miezi 48 kwa kundi la kwanza na 36.3 kwa la pili, tofauti ambayo wanatakwimu hawakuihesabu kuwa imethibitika. Nimeviweka vyote viwili kwa sababu wauza habari hupenda kile cha kwanza tu.

Jambo moja linanivutia katika tiba hii kuliko takwimu zake. Kabla mgonjwa hajapewa dawa, hupigwa picha kwa peptidi ya namna hiyohiyo iliyofungiwa madini yenye mionzi ya kupigia picha, kama galiamu-68. Uvimbe ukiwaka kwenye picha, vipokezi vipo na tiba ina maana. Usipowaka, hapewi, na hapotezi miezi yake. Ni dawa chache za saratani zinazompa daktari nafasi ya kuona mahali zitakapokwenda kabla ya kuzitoa.

Na zile seli zenye afya zinazokula chambo? Figo ndizo zinazoumia, kwa sababu huichuja peptidi na kuirudisha ndani ya seli zake. Kinga yake ni rahisi kuliko mtu angedhani: mgonjwa hutundikiwa dripu ya arginini na lisini, ikianza nusu saa kabla ya dawa na kuendelea kwa saa kadhaa, ili asidi amino hizo zishindanie milango ya figo na kuiacha peptidi itoke na mkojo. Nadhani mwanafunzi wetu wa Nansio atazikumbuka hizo mbili.

Kwa nini imefanikiwa pale ambapo nyingine zilikwama? Kwa maoni yangu, ni aina ya mzigo. Mionzi ya lutetiamu husafiri hadi milimita 2 hivi kwenye nyama ya mwili, kwa hiyo haina haja ya kutoroka kwenye kile kifuko nilichokieleza juu, tena hufikia hata seli jirani ambazo hazikushika peptidi. Dawa ya kemikali haina bahati hiyo.

Kuna kijana anapita sokoni akiuza vidonge anavyosema ni peptidi za samaki, zimetengenezwa kwa mabondo (vifuko vya hewa) ya sangara, na kwamba zinapeleka dawa kwenye seli za kansa. Anasema Wachina wananunua mabondo kwa bei kubwa kwa sababu hiyo. Nimnunulie mume wangu? (Mama, Kirumba)

Usinunue, mama. Mabondo yana bei kwa sababu ni chakula cha heshima huko Asia, na sehemu kubwa ya bondo ni kolajeni. Kolajeni ikiliwa, tumbo huisaga kuwa asidi amino na vipande vidogo, sawasawa na linavyofanya kwa nyama ya sato au maharage, na vipande hivyo havina dawa yoyote viliyoibeba wala havijui seli ya saratani iko wapi. Ndiyo sababu hiyohiyo insulini hudungwa wala hainywewi. Ipo peptidi moja ya kisukari iliyotengenezewa kidonge, semaglutidi, lakini pamoja na kemikali maalumu ya kuisaidia kupita, asilimia 1 hivi au pungufu ndiyo inayofika kwenye damu. Sasa fikiria kidonge kisicho na maandalizi hayo.

Dawa iliyosajiliwa nchini inaweza kuulizwa katika ofisi ya kanda ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, iliyopo hapahapa Mwanza. Kama mzee ameshameza vidonge hivyo, mwambie daktari wake bila aibu. Supu ya samaki mpikie tu. Mgonjwa anahitaji protini.

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi na nimeona dawa nyingi za "karibuni zitakuja" ambazo hazikuja. Je, katika hizi za peptidi hakuna zilizoshindwa? (Muuguzi mstaafu, Nyegezi)

Zipo, na nakushukuru kwa kuuliza. Ya kwanza inamhusu moja kwa moja dada yetu wa Igoma, kwa kuwa ilikuwa doksorubisini ileile. Ilifungwa kwenye peptidi inayoshika vipokezi vya homoni ya LHRH, ambavyo viko juu ya seli nyingi za saratani ya mji wa mimba, ikaitwa zoptarelini doksorubisini. Kwenye karatasi haikuwa na kasoro: kipokezi kipo, peptidi inajulikana, dawa inajulikana. Wanawake zaidi ya 500 waliokuwa na saratani iliyosambaa waligawanywa, wengine wakapewa dawa hiyo na wengine doksorubisini ya kawaida. Mwaka 2017 ikatangazwa kwamba waliopewa dawa mpya hawakuishi muda mrefu kuliko wenzao, na mradi ukaachwa.

Ya pili ni melflufeni, iliyouzwa kwa jina la Pepaxto kwa ajili ya saratani ya uboho iitwayo mieloma. Hii haikutegemea kipokezi. Melfalani, dawa ya siku nyingi, ilifungwa kwenye peptidi ndogo inayopenda mafuta ili ipite utando kwa urahisi. Ndani ya seli za mieloma kuna vimeng'enya vingi vya kukata peptidi, vikiikata, melfalani inabaki ndani na haiwezi kutoka upesi. Marekani iliiruhusu kwa haraka Februari 2021. Katika mwaka huohuo utafiti mkubwa zaidi uliilinganisha na dawa nyingine na kuonyesha ishara kwamba baadhi ya wagonjwa walikuwa wakifariki mapema zaidi, kampuni ikaitoa sokoni Oktoba, na Februari 2024 kibali kikafutwa rasmi. Ulaya, kwa kuzipitia takwimu hizohizo, iliikubali mwaka 2022 kwa kundi dogo la wagonjwa. Wataalamu wa pande mbili wenye karatasi zilezile wamefikia uamuzi tofauti, na mimi sioni kwamba upande wowote ulizembea: dozi ilikuwa ileile kwa wagonjwa ambao miili yao haikuwa ileile.

Mwanangu wa miaka sita amevimba taya, meno yanalegea. Walidhani ni jino, sasa tumeandikiwa rufaa ya Bugando kwa kipimo cha kinyama (kukata kipande kidogo cha uvimbe). Ndugu wanasema tusikubali dawa kali kwa mtoto, tusubiri hizi mpya. (Baba, Musoma)

Baba huyu tumekwisha kuzungumza naye kwa simu; tunalichapa swali kwa ajili ya wazazi wengine. Siwezi kujua ugonjwa wa mtoto kwa barua, na ndiyo kazi ya hicho kinyama. Lakini taya linalovimba kwa mtoto wa umri huo, katika ukanda huu wa ziwa, daktari lazima alifikirie kuwa linaweza kuwa limfoma ya Burkitt, saratani aliyoieleza daktari wa upasuaji Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Kampala, na ambayo huhusishwa na malaria ya mara kwa mara pamoja na virusi vya Epstein-Barr. Uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja hadi mbili. Kusubiri wiki ni kuupa nafasi ambayo hautairudisha.

Hapa pia ndipo dawa za zamani zinapostahili heshima. Kwa kuwa karibu seli zote za uvimbe huu zinajigawa kwa wakati mmoja, siklofosfamidi na wenzake huzipata zikiwa wazi, na tangu miaka ya 1960 wapo watoto wa Afrika Mashariki waliopona kwa dawa hizo bila peptidi yoyote. Seli zisizo na pa kujificha hazihitaji dawa yenye ujanja wa kutafuta. Nendeni na rufaa hiyo, na muulize mapema kuhusu maji mengi atakayotakiwa kupewa siku za mwanzo, kwa sababu uvimbe ukiyeyuka kwa kasi figo hulemewa na taka zake.

Je, mgonjwa wa Mwanza anaweza kujiunga na utafiti wa dawa za namna hii? (Wasomaji kadhaa)

Utafiti ukiwepo, anaweza, lakini hujiungi kwa kulipia. Utafiti wowote wa dawa kwa binadamu hapa nchini lazima uwe na kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ambayo ina kituo Mwanza, pamoja na idhini ya TMDA. Mwulize daktari wako wa saratani kwanza, kwa kuwa ndiye anayejua hatua ya ugonjwa na vipimo vyako. Ukiletewa fomu ya ridhaa, iwe kwa Kiswahili, ieleze ni dawa gani, kundi la kulinganisha litapewa nini, nani atagharimia ukipata madhara, na kwamba unaweza kujitoa siku yoyote bila kupoteza tiba yako ya kawaida. Ukiambiwa uache kwanza dripu unazopewa sasa, usitie saini kabla daktari huyo hajaiona fomu.